Maduka Matano ya Mtaani

Jamaa ya askari inapopata uhamisho, jambo la kwanza analoliuliza bibi wa nyumba baada ya kufungua mizigo ni mahali pa kununulia chumvi jioni hiyo hiyo. Katika Walukuba, upande wa mashariki wa Jinja, au Namakwekwe kule Mbale, mahali hapo aghalabu ni safu fupi ya vyumba vya mabati: duka la rejareja, kinu cha kusagia mahindi, bucha inayouza nyama asubuhi tu, kinyozi, na kibanda cha wakala wa pesa za simu. Nje yumo kijana wa chapati na mama mwenye mafungu ya nyanya. Basi. Mgeni aliyezoea mji huizunguka safu hiyo kwa dakika tano, akarudi nyumbani na kusema kwamba hapana kitu.

Walukuba haikujengwa kwa kufikiria wanunuzi. Serikali ya kikoloni iliujenga mtaa huo uwe makao ya wafanyakazi Waafrika, wakati Jinja ilipokuwa ikigeuzwa mji wa viwanda kwa umeme wa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954 na ambalo sasa huitwa Nalubaale. Maduka ya maana yalikuwa mjini, mengi yakiwa mikononi mwa Wahindi. Mtaani palibaki chumvi, kiberiti na mafuta ya taa. Agosti 1972 serikali ya Idi Amin iliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini, na maduka yao yakagawanywa, mengine kwa askari. Haukupita muda rafu zikawa tupu. Sukari iliadimika hata Jinja penyewe, ingawa mashamba ya miwa ya Kakira yako kilomita chache tu kutoka mjini. Kiwanda hicho kilikuja kuinuka tena baada ya familia ya Madhvani kurejea katika miaka ya 1980. Waliotajirika kwa ghafla katika siku hizo waliitwa mafuta mingi, na wazee wa Jinja na Mbale wangali wanalikumbuka jina hilo.

Mji ulifungika tena, kwa sababu nyingine kabisa, mnamo Machi 2020. Kwa ajili ya ugonjwa wa korona usafiri wa abiria ulipigwa marufuku, na bodaboda zikaruhusiwa kubeba mizigo tu. Nyumba nyingi ziligundua wakati huo kwamba chumba kimoja chenye gunia la posho, ndoo ya mafuta ya kupikia na mche wa sabuni ndicho kilichokuwa soko lao lote.

Walakini kulithamini duka la mtaani si sawa na kununua kila kitu hapo. Hapana budi kufanya hesabu. Mathalani, ikiwa kilo ya sukari mjini ni shilingi 4,000, na robo kilo mtaani ni shilingi 1,200, basi kilo nzima iliyonunuliwa kwa robo imegharimu shilingi 4,800. Tofauti ni shilingi 800. Bibi akiona hivyo hupanda bodaboda kwenda mjini kwa hasira. Lakini ikiwa nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 4,000, safari hiyo haimlipi mpaka anunue kilo 5, na hata hapo amerudisha nauli tu. Aliyefuata kilo 2 amepoteza shilingi 2,400 na nusu siku yake.

Kwa hiyo safari ya mjini yafaa iwe moja kwa mwezi, mshahara unapoingia, kwa vitu vizito visivyooza: mchele, sukari, mafuta, sabuni ya miche. Majirani wawili wakigawana gunia na nauli, faida huonekana mara moja. Sabuni ikatwe vipande na kuanikwa kivulini. Iliyokauka haiishi upesi kama mbichi.

Tena kila mtaa una kitu chake kinachoushinda mji. Walukuba iko karibu na Masese, mahali ambapo mitumbwi ya Ziwa Nalubaale huteremsha samaki; kufuata mukene katikati ya Jinja ni kwenda mbali bure. Ila mnunuzi auangalie vizuri: ulioanikwa juu ya nyavu huwa safi, na ulioanikwa chini humaliza maji ya nyumba kwa kuoshwa mchanga. Kule Mbale hesabu hubadilika. Mboga huteremka kutoka miteremko ya Mlima Elgon, kabichi na karoti na vitunguu, pamoja na malewa, yale machipukizi ya mianzi ambayo Wagisu huyapika kwa karanga. Mama aliyeketi kando ya barabara ya Namakwekwe na kikapu chake mara nyingi huuza mboga mbichi kuliko ile iliyokwisha lala sokoni. Jamaa iliyotoka Jinja kwa barabara ya Tirinyi ikiwa na tabia zake za samaki hukawia kidogo kulifahamu jambo hili.

Kinuni, mahindi yachambuliwe kwanza. Punje zenye ukungu zina sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kusagwa wala kwa kupikwa. Kuku pia wasipewe. Dukani, mshale wa mizani uwe kwenye sifuri kabla ya kitu chochote kuwekwa. Shirika la viwango, UNBS, hukagua mizani na kuitia alama, na mnunuzi ana haki ya kuiomba aione. Asiyependa ugomvi aombe kwa upole pakiti ya kilo moja iliyofungwa kiwandani iwekwe juu ya mizani; mizani itasema yenyewe.

Linabaki daftari. Hakuna duka la mtaani lisilokuwa na daftari la madeni, na jina la askari huandikwa humo bila wasiwasi kwa kuwa mshahara wake unajulikana. Hapo ndipo penye hatari. Mtoto hutumwa mkate, kisha soda, kisha muda wa maongezi wa simu, na mwisho wa mwezi bwana huona jumla asiyoweza kuikumbuka. Nyumba yenye akili huweka daftari lake dogo na kuandika siku ile ile, tena humkataza mtoto kukopa bila karatasi ya mamaye.

Lililo zito zaidi ni uhamisho. Mwenye duka naye anadaiwa na muuzaji wa jumla mjini. Askari wawili watatu wakihamishwa kutoka kambi ya Gaddafi kwenda Bugema na kuacha kurasa zao wazi, rafu yake hupungua, na jamaa ya askari itakayohamia mtaani baada yao hukuta imenyimwa mkopo hata wa chumvi, pasipo kosa lolote. Kwa sababu hiyo deni hulipwa kabla ya lori kupakiwa, wala si kwa ahadi ya kutuma kwa simu kutoka Mbale. Mwenye duka aukate ukurasa kwa mstari wa kalamu mbele ya mnunuzi, na mnunuzi asiondoke kabla ya kuuona mstari huo.