Kabla ya Kupeleka Picha Studio
Picha nyingi za simu zina umbo la 4 kwa 3, lakini karatasi ya studio ya sentimita 10 kwa 15 ni nyembamba zaidi. Usipoikata picha mwenyewe, mashine itaikata, na huenda kichwa cha bibi kikabaki nje. Kwanza tengeneza nakala. Ile ya asili usiiguse. Kata nakala kwa umbo la 3 kwa 2, ukiacha nafasi juu ya vichwa. Ibaki na nukta zisizopungua 1,800 kwa 1,200. Ukiipeleka studio kwa WhatsApp, itume kama hati, si kama picha, isije ikapunguzwa. Ya kuweka kwenye intaneti, ipunguze, na ukate nembo ya shule ya mwanao. Picha ya asili itunze: siku bibi atakapotutoka, ndiyo tutakayoirudia.