Gunia la Mchele Si Kipimo cha Matunzo



Kila zinapokaribia Idi, Pasaka na Noeli, magari hujipanga mbele ya makazi ya wazee nchini mwetu. Hushushwa mchele, sukari, sabuni na mafuta ya kula; pengine na mbuzi. Hotuba husomwa, picha hupigwa, kitabu cha wageni hutiwa saini, na kabla ya jua kutua wageni wamekwisha kuondoka wakisema kwamba wazee wale wanatunzwa vema. Hatuupingi ukarimu huo. Tunachokipinga ni hukumu inayotolewa kwa saa mbili za mchana, na mtu ambaye hakuzungumza na mzee hata mmoja pasipo msimamizi kusimama karibu. Wahenga walikwisha kutuonya: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Njoro mkoani Kilimanjaro, Kolandoto mkoani Shinyanga, Bukumbi mkoani Mwanza, Nunge huko Kigamboni, Welezo na Sebleni kisiwani Unguja: haya ni majina yanayojulikana. Yapo pia makazi yanayoendeshwa na mashirika ya dini. Hatuandiki ili kuyashitaki makazi yoyote kati ya hayo. Twauliza swali linaloyahusu yote: ni nani ayapimaye, na hupima kwa kipimo gani?

Mwaka 1966 daktari Avedis Donabedian, mzaliwa wa Beirut aliyefundisha nchini Marekani, alieleza kwamba ubora wa huduma hutazamwa katika mambo matatu: vitu na watu waliopo, jinsi kazi inavyotendwa, na matokeo kwa yule anayehudumiwa. Wageni wetu huishia kwenye la kwanza. Huhesabu vitanda na magodoro, wakasifu rangi ya ukuta. Lakini hata juu ya kitanda kipya mzee aweza kulala katika mkojo tangu jioni hadi alfajiri.

Basi yatupasa kutazama nini? Kwanza, ngozi. Mzee asiyeweza kujigeuza, akiachwa upande mmoja kwa saa nyingi, hupata vidonda kwenye visigino, nyonga na mwisho wa uti wa mgongo. Kwa sehemu kubwa vidonda hivyo vyaweza kuzuiwa kwa kumgeuza mara kwa mara, kumkausha na kumlisha vizuri. Mkaguzi asiyetazama visigino hajakagua. Pili, maji. Umri unapoendelea, hisia ya kiu hupungua. Mzee aweza kuishiwa maji mwilini bila kuomba kinywaji. Kikombe kipo mezani, lakini je, mkono wake unakifikia? Au ananyimwa maji jioni ili asilowanishe shuka? Tatu, usiku. Saa nane za usiku wako watumishi wangapi walio macho, na wanawaangalia wazee wangapi? Nne, sauti. Mzee akipigwa, akitukanwa au akinyang'anywa fedha zake, amwambie nani? Ikiwa ufunguo wa sanduku la malalamiko anao yule anayelalamikiwa, sanduku hilo ni pambo tu.

Wako watakaosema: watu hawa hawakuwa na kitu, wamepewa paa na sahani ya ugali, washukuru. Maneno haya hugeuza haki kuwa hisani, na mpokea hisani hana pa kudai. Tarehe 16 Desemba 1991 Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni 18 kuhusu wazee. Mojawapo yasema kwamba hata anayeishi katika nyumba ya matunzo hubaki na haki zake zote, pamoja na faragha yake na uamuzi juu ya matunzo yake. Tanzania ilitoa Sera ya Taifa ya Wazee mwaka 2003. Itifaki ya Umoja wa Afrika juu ya haki za wazee, iliyopitishwa mwaka 2016 na kuanza kutumika mwaka 2024, yataka makazi ya wazee yafuate viwango vya chini vya kitaifa. Kiwango kisichopimwa ni wino tu juu ya karatasi.

Wengine watasema fedha hazitoshi. Hatukatai kwamba mtumishi mmoja aliyeachiwa wazee wengi hulemewa. Ndiyo maana ukaguzi wa haki humtetea hata yeye, kwa kuwa huandika waziwazi kwamba aliachwa peke yake, na humwuliza aliyemwacha. Tena, kumwita mzee kwa jina lake na kubisha hodi kabla ya kuingia chumbani mwake hakuhitaji bajeti.

Wengine tena watasema nyumba za dini zisisumbuliwe, maana zinaongozwa na watu wa sala. Nia njema haiponyi kidonda cha kisigino. Nyumba za Kanisa ziwe za kwanza kufungua milango.

Kwa hiyo tunadai haya. Ukaguzi ufanyike bila taarifa, na usiku pia. Mkaguzi asiwe mtu wa makazi yenyewe wala wa wanaoyagharimia. Kila mzee asikilizwe faraghani, kwa lugha aijuayo. Na asiyeweza kusema, mwili wake utazamwe kwa heshima. Taarifa isomwe mbele ya wazee wenyewe, na mkaguzi arudi kuona kama kilichoandikwa kimetendwa.

Nanyi wanakamati wa haki na amani katika parokia, msingoje sikukuu. Nendeni siku ya kawaida, bila kamera. Ketini karibu na mzee ambaye hakuna aliyekuja kumtazama, mmwulize alikunywa maji saa ngapi, na usiku uliopita alipoita, nani alikuja.