Mizani ya Ng'ombe na Namba ya Forodha

Mfugaji wa Munanila anapompeleka fahali wake mnadani, bei hukatwa kwa macho. Mchuuzi humzunguka mnyama mara mbili, humbonyeza nyonga, hutaja fedha. Na mwenye mali, aliyetembea tangu alfajiri huku ada ya mtoto ikimsubiri, hukubali. Mchuuzi hununua kila juma, mfugaji huuza mara moja au mbili kwa mwaka. Ndiyo maana macho ya mmoja huona kilo ambazo ya mwenzake hayazioni. Lumbesa ya viazi tumeikemea miaka mingi. Lumbesa ya ng'ombe tumeinyamazia.

Dawa yake yajulikana, nayo ni mizani. Lakini mizani ya mifugo kwa kawaida huagizwa kutoka nje, na forodhani kitu hakitozwi ushuru kwa jina alilokipa mwenyewe, bali kwa namba. Mfumo wa namba hizo husimamiwa na Shirika la Forodha Duniani, lililoko Brussels, nao ulianza kutumika 1988. Katika ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulioanza Januari 2005, tarakimu sita za kwanza ni za dunia nzima, mbili za mwisho ni zetu. Viwango vikuu vilikuwa asilimia 0, 10 na 25. Mwaka 2022 kikaongezwa cha 35. Tena Sheria ya VAT ya 2014 hutaja kwa namba hizo hizo zana za kilimo zilizosamehewa. Namba ikibadilika, bei ya mizani yaweza kubadilika hadi kijijini.

Wengi hudhani mizani ya ng'ombe ni mashine ya ufugaji, yenye kuingia kichwa 84.36. Sivyo. Kanuni ya kwanza ya mfumo yataka maneno ya kichwa chenyewe yaamue, na kichwa 84.23 chataja waziwazi mashine za kupimia uzito. Ile yenye uwezo wa zaidi ya kilo 30 lakini usiozidi 5,000 huwekwa 8423.82, awe anayepimwa ni ng'ombe au kiwe ni kiroba cha saruji. Hata ikija vipande vipande, huhesabiwa kuwa mizani kamili. (Ule utepe wa kumzungushia mnyama kifuani ili kukadiria uzito si mizani kabisa, ni kifaa cha kupimia urefu, 90.17. Hata hivyo ni heri utepe kuliko macho matupu.)

Wakala mmoja aliwahi kutushauri tuandike "mashine ya ufugaji" mambo yaishe. Tulikataa. Nabii Amosi aliwakemea waliopunja vipimo. Sisi tungewezaje kuitafuta mizani ya haki kwa karatasi ya uongo? Zaidi ya hayo, forodha hukagua hata baada ya mzigo kutoka, na adhabu humwangukia mwagizaji. Mwenye hoja ya kweli dhidi ya uamuzi anayo njia: kifungu cha 229 cha Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya 2004 humpa siku 30 kuomba Kamishna aupitie upya.

Kwa maoni yetu kosa si la afisa wa forodha, afuataye yaliyoandikwa. Kosa ni la orodha isiyomtofautisha mfugaji na kiwanda. Jumuiya yaweza kuigawa 8423.82 kwa zile tarakimu zake mbili, ikaipa mizani ya mifugo mstari wake na nafuu yake. Wapo watakaosema wajanja watapitisha humo mizani ya saruji. Huenda. Lakini mizani ya mnyama hutambulikana kwa kizimba chake na kwa kipimo kinachotuliza usomaji wakati mnyama anapotikisika. Na kila mizani ya biashara sharti ihakikiwe na Wakala wa Vipimo.

Mawaziri wa fedha wa Jumuiya hushauriana kabla ya bajeti kusomwa mwezi Juni. Tunawaomba viongozi wa walei wa Buhigwe, Kasulu na Kibondo wawaandikie wabunge wao mapema, tuseme kabla ya Kwaresima, wakiitaja namba yenyewe, 8423.82, na wakieleza kilichotokea katika mnada wao wa mwisho.