Programu Huria Haikosi Sheria

Vijana wetu wa Arua na Koboko wanaojifunza kuunda tovuti hutumia kila siku zana zilizotengenezwa na watu wasiowajua, tena bila malipo. Zana hizo huitwa programu huria. Jambo hili ni jema, lakini limezaa dhana potofu, hata miongoni mwa askari na polisi, kwamba kitu kilichoachiwa umma hakina mwenyewe wala sheria. Dhana hiyo hapana budi isahihishwe.

Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 huzilinda programu za kompyuta kama inavyovilinda vitabu. Kwa hiyo kijana akiweka kazi yake hadharani bila leseni, watu wataisoma, lakini hawakupewa ruhusa ya kuitumia watakavyo, kuibadili wala kuigawa. Askari ataelewa upesi: gari la kikosi likiachwa uwanjani na funguo ndani, hiyo si ruhusa ya kuliendesha. Sharti iwepo hati. Katika programu, leseni ndiyo hati.

Afrika Mashariki tunao mfano wetu wenyewe. Kufuatia ghasia za uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, wananchi wachache wenye ujuzi waliunda, mapema mwaka 2008, tovuti iitwayo Ushahidi, ya kupokea taarifa za raia na kuzionyesha katika ramani. Wangeweza kuifungia kabatini. Badala yake waliiachia dunia, na Januari 2010 ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi.

Toleo lake la sasa limo chini ya leseni ya AGPL. Leseni hiyo humruhusu yeyote kuitumia, kuibadili na kuigawa. Lakini anayeibadili na kuiendesha mtandaoni lazima awape watumiaji wake nafasi ya kupata msimbo huo, yaani maagizo yanayoiongoza kompyuta. Leseni ya MIT ni nyepesi zaidi: hudai tu kwamba tangazo la hakimiliki na maneno ya leseni yabaki, na mwingine aweza kuifungia kazi aliyoijenga juu yake. Muundaji ndiye achaguaye, naye achague kabla ya kuachilia.

Kwetu sisi faida ni dhahiri. Koboko inapakana na Kongo na Sudan Kusini. Zana ya kupokea taarifa za wananchi, ikiwa na leseni huria, yaweza kutafsiriwa kwa Kilugbara, Kikakwa na Kiswahili bila kuomba idhini ng'ambo, na mafundi wetu waweza kuikagua ndani kabla ya kuiamini.

Hata hivyo, kufungua programu si kufungua majalada. Majina ya waliotoa taarifa na maneno ya siri yasiachwe kamwe ndani ya msimbo. Neno la siri likishatoka, kulifuta kesho yake hakutoshi, maana kumbukumbu za mabadiliko hulihifadhi; dawa ni kulibadilisha mara moja.

Basi ofisa anayepokea programu kwa kazi ya kikosi aisome leseni yake kama asomavyo amri, na kijana anayeitoa aiandike kabla ya kuitoa. Ukarimu usio na hati humwacha mpokeaji mashakani, nao haulijengi taifa.