UCHAMBUZI: Leseni ya udereva isigeuzwe mtihani wa uraia mpakani

KIJANA wa Cheptais, Kaunti ya Bungoma, anayetaka kujitafutia riziki kwa bodaboda huulizwa yeye ni raia wa wapi kabla ya kuulizwa iwapo anajua kuendesha pikipiki. Njia ya leseni nchini Kenya hupitia kwenye mlango wa kitambulisho, na kwa wakazi wa mpakani mlango huo umekuwa mwembamba kwa miaka mingi.

Maombi ya leseni huwasilishwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA) kupitia mtandao wa serikali wa eCitizen. Mkenya hufungua akaunti kwa nambari ya kitambulisho cha kitaifa, naye mgeni mkazi kwa nambari ya kadi ya wageni. Asiye na nambari hawezi kuomba kibali cha mwanafunzi wala kufanyiwa mtihani wa barabarani, hata awe stadi kiasi gani.

Cheptais iko kwenye miteremko ya Mlima Elgon, karibu na Uganda. Wasabaot wa upande huu ni ndugu wa Wasebei wa Kapchorwa na Bukwo, sawa na Wabukusu walivyo na udugu na Wagisu wa Mbale. Mpaka uliochorwa na wakoloni ulipita katikati ya koo, nao watu hawakuacha kuvuka Lwakhakha kwenda sokoni, harusini na matangani. Udugu huo hugeuka shaka mwombaji anapofika katika afisi ya usajili: jina lake linafanana na la ng'ambo, na babu yake huenda alizikwa huko.

Kisha kuna historia chungu. Mapigano ya mashamba ya Chebyuk, yaliyoshamiri kati ya 2006 na 2008 hadi serikali ikatuma wanajeshi Machi 2008, yaliwafurusha maelfu ya watu makwao, baadhi yao wakikimbilia Uganda. Nyumba inapoteketea, vyeti vya kuzaliwa huteketea nayo. Mtoto aliyebebwa mgongoni wakati huo sasa ni mtu mzima anayehitaji kuthibitisha wazazi wake walikuwa nani.

Kwa miongo kadhaa, waombaji wa vitambulisho katika kaunti za mpakani walipigwa msasa na kamati za wazee na maafisa wa serikali, jambo ambalo wenzao wa Nyeri au Kisii hawakufanyiwa. Februari 2025, Rais William Ruto alitangaza akiwa Wajir kwamba utaratibu huo wa ziada umefutwa.

Hatua hiyo ilistahili kupongezwa, lakini haimalizi tatizo. Kamati inaweza kuondoka, ila hati za wazazi zingali zinahitajika, na yatima asiye nazo hubaki pale pale. Wamakonde wa Pwani waliishi Kenya kwa miongo mingi kabla ya kutambuliwa rasmi kama raia mwishoni mwa 2016 na mwanzoni mwa 2017. Washona nao walisubiri hadi 2021. Muda huo wote waliishi bila nambari, na bila nambari leseni haikuwezekana.

Matokeo yake yanaeleweka. Asiyeweza kupata leseni haachi kuendesha, kwa kuwa tumbo halingoji afisi. Huendesha akikwepa vizuizi vya polisi, au akitoa mlungula. Akimgonga mtu, kishawishi chake cha kwanza ni kutoroka. Anayeumia ni abiria na mtembea kwa miguu, ambao hubaki wakihangaika kutafuta fidia.

Suala hili si la Kenya pekee. Nchini Marekani, wahamiaji wasio na nambari ya Hifadhi ya Jamii walifungiwa leseni katika majimbo mengi. California ilianza kuwapa mwaka wa 2015, ikatoa zaidi ya leseni 600,000 katika mwaka huo wa kwanza. Utafiti wa wasomi wa Chuo Kikuu cha Stanford, uliochapishwa 2017, ulipata kwamba ajali za madereva kugonga na kutoroka zilipungua kwa kati ya asilimia 7 na 10, huku ajali kwa jumla zisiongezeke. Minnesota, ambako Wakenya wengi wanaishi, ilifuata Oktoba 2023.

Wapo watakaosema kwamba Kenya, iliyoumizwa na ugaidi, haiwezi kulegeza kamba. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau kwamba leseni ya California huwa na maandishi yanayoonyesha mipaka ya matumizi yake, na haimpi mwenye nayo uraia wala kura. Aidha, dereva ambaye picha na alama zake za vidole zimehifadhiwa na serikali ni rahisi kumpata kuliko yule asiyejulikana kabisa.

NTSA na idara ya usajili zinaweza kukubaliana kuhusu leseni ya muda kwa mwombaji ambaye kesi yake ya kitambulisho ingali inachunguzwa, mradi atambuliwe na chifu, achukuliwe alama za vidole na afaulu mtihani. Swali la uraia liendelee kujibiwa katika afisi yake. Barabarani, swali liwe moja: je, mtu huyu anajua kuendesha?