Nyota za babu si vyuma vya kuuza kwa kilo

Wakaaji wa Bukavu, kambi ya Saio mnaijua. Dereva wa pikipiki mnamwambia "niache Saio" na anafika bila kuuliza. Lakini muulize kijana yeyote jina hilo lilitoka wapi. Atasema ni jina la Mzungu fulani, au la kilima.

Saio ni mji wa Etiopia. Mwaka 1941 askari wa Force Publique, Wakongo chini ya maofisa Wabelgiji, walisafiri kwa mto Nile kupitia Sudani, wakateka Asosa, kisha Gambela, na mwezi wa saba jenerali Mwitaliano Pietro Gazzera akajisalimisha kwao Saio pamoja na majenerali wenzake wanane. Soko la Gambela kule Kinshasa lilipata jina katika vita hiyo hiyo.

Ninaandika haya kwa hasira, na sababu nitaisema. Juma lililopita familia moja iliyohama vita, inayoishi kwa watu hapa mjini, ilinionyesha kopo la maziwa ya unga. Ndani: nyota mbili ndogo za chuma, alama ya kofia yenye bunduki mbili zilizopishana na taji juu yake, na kipande cha kitambaa chenye tepe nyekundu. Vya babu yao. Mnunuzi mmoja aliwaambia "ni vyuma vya Wabelgiji", akatoa dola tano kwa kopo zima.

Vya Wabelgiji! Nyota yenye ncha tano kwenye kola ni alama ya askari wa Italia tangu karne ya 19. Bunduki mbili zilizopishana ni za askari wa miguu, na namba iliyo katikati ni ya kikosi chake. Mizinga miwili ingekuwa ya wapiga mizinga, baragumu ingekuwa ya Bersaglieri. Taji linakwambia mwaka: Italia ilimwondoa mfalme mwezi wa sita 1946, kwa hiyo alama ya kweli yenye taji la kifalme ilitengenezwa kabla ya hapo. Ukikuta kolani, badala ya nyota, rundo la fimbo lililofungwa pamoja na shoka, hao ni wanamgambo wa Mussolini, mashati meusi. Tepe nyekundu za V zilivaliwa mkononi na askari Waafrika waliotumikia Italia, wale walioitwa ascari. Yaani pengine kitambaa kile kilitoka kwa Mwafrika aliyepigana na Mwafrika, na hilo nalo watoto wanapaswa kulijua.

Mnunuzi alijua yote hayo. Mama wa familia anasema aliigeuza kila nyota, akatazama pini za nyuma, akapiga picha kwa simu, ndipo akasema ni takataka. Mtu hapigi picha takataka.

Kuna watakaoniambia: mwandishi, watu wana njaa, waache wauze. Sawa. Siwezi kumkataza mama mwenye watoto watano chini ya turubai. Auze, lakini kwa bei ya kitu anachokijua, na kabla ya kuuza aandike kwenye daftari: babu yetu fulani, wa kijiji fulani, alirudi nayo. Nyota ikifika Ulaya bila karatasi hiyo, mkusanyaji ataandika kikosi, kiwanda na mwaka. Jina la aliyeileta kutoka Etiopia hataliandika, maana hakuna aliyemwambia.

Wengine watasema vita ile ilikuwa ya Wazungu. Kweli kabisa. Miguu iliyotembea ilikuwa yetu.

Na asiniambie mtu kwamba kusoma alama za kijeshi ni mchezo wa matajiri. Kindu, Novemba 1961: wanahewa 13 wa Italia walileta mizigo kwa walinda amani wa Malaya. Askari wa kwetu wakawadhani ni mamluki Wabelgiji wa Katanga, wakawaua. Watu wa Umoja wa Mataifa, walioleta mizigo! Wasikilizaji wangu waliowahi kusimama usiku kizuizini, wakijiuliza sare ile mbele ni ya nani, hawahitaji nieleze zaidi.

Wale 13 walirudishwa Pisa mwaka uliofuata, wakajengewa mahali pa kumbukumbu. Ni haki yao. Lakini Bukavu, penye kambi inayoitwa Saio, ni nani anaweza kunitajia askari mmoja tu, Mkongo, aliyefika Saio?

Mimi sasa naweza kumtaja mmoja. Familia haikuuza. Jioni ile tulikaa na daftari la shule la mtoto wa tatu, shangazi akitaja, mtoto akiandika: jina la babu, kijiji, jina la mke aliyemngoja. Namba ya kikosi kwenye alama ya kofia imefutika nusu, tutaisoma tena mchana kwenye mwanga.