Aliyekataa grevi isiyofuata sheria, nani anamlinda?

Ndugu wanachama wa koperative,

Musimu uliopita nilikuwa kwenye stasioni moja ya kuosha kahawa hapa Kivu. Asubuhi moja wafanyakazi wakafunga mlango: leo hakuna kazi! Sababu yao ilikuwa ya kweli, mishahara ya miezi miwili ilikuwa haijalipwa. Lakini hakuna barua waliyoandika, komite haikuitwa, enspekta wa kazi hakujua kitu. Wanne wakakataa kugoma. Waliingia kumenya kahawa mbivu ambayo wamama walileta jana yake, juu kahawa ikilala bila kumenywa inachacha na bei inaanguka. Jioni wakatukanwa. Mmoja akaambiwa asionekane tena pale.

Katiba yetu ya 2006, artikle 39, inakubali haki ya kugoma. Hiyo tusiiguse. Lakini Sheria ya Kazi ya 2002 inasema grevi inakuja nyuma, kisha njia zote za kupatanisha zimemalizika. Sheria ile ile inasema pia kwamba kuwa ndani ya sendika ao kutokuwa ndani si sababu ya kufukuza mtu.

Kuko wanaosema mwenye kukataa ni msaliti, anakula jasho la wenzake. Grevi ikipita njia yake, hilo neno ninalielewa. Lakini pale hakukuwa mkutano, hakuna aliyeulizwa mawazo. Sasa huyo mtu alimsaliti nani?

Shida ni hii: sheria iko kwenye karatasi, lakini matusi iko kijijini, kwenye kisima na njia ya shamba. Enspekta iko mbali. Kwa hiyo ulinzi uanze kwetu. Tuandike ndani ya sheria zetu za ndani mambo matatu: malalamiko yapitie kwanza kwa komite na kupewa jibu kwa siku zilizohesabiwa, asiyeingia grevi isiyofuata njia asifukuzwe wala asitishwe, na aliyegoma kwa njia halali naye asiazibiwe.

Na ninyi wa komite, musitumie maneno haya kama fimbo. Mishahara ya miezi miwili ni deni. Mukilipa kwa wakati, wale wanne hawatalazimishwa kuchagua kati ya wenzao na kahawa ya wamama.